Loga za maji mafupi zinaingiza maji, za maji marefu ziko kavu. Tatizo ni oringi?

Mwani_Mikindani

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wanaofunga vifaa vya kupimia chini ya maji.

Tuna loga (vifaa vya kurekodi vipimo) za joto na kina. Kasha ni plastiki nyeusi, ndani lina ujazo wa kama mililita 300. Kifuniko ni cha duara, kinabanwa na bolti nne za stenlesi, na oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ni moja tu, inalala kwenye mfereji uliochongwa usoni mwa kifuniko. Baadhi ya loga zimefungwa kwenye mwamba upande wa Msimbati, kina cha mita 12. Nyingine ziko kwenye mashamba ya mwani Mikindani, ambako bamvua likitoka kifaa kinabaki juani kabisa. Zote hufunguliwa kila baada ya miezi mitatu kutoa data na kubadilisha betri.

Kinachonishangaza ni kwamba za mita 12 zinarudi kavu, ila za kwenye mwani zinarudi na unyevu, nyingine na maji ya kuonekana, bodi ya umeme ya ndani imeshika kutu ya kijani. Oringi ni za aina moja, tunapaka mafuta ya mgando kwa zote, bolti zinakazwa mpaka mwisho. Nilitegemea za kina kirefu ndizo zianze kuvuja. Je, huo ni unyevu wa hewa tu au ni maji ya bahari? Na kwa nini iwe za juu?

---

MpimaKina

Mkuu, anza na swali la unyevu maana lina jibu la hesabu. Hewa ya nyuzi 32 iliyojaa mvuke mpaka mwisho inabeba gramu 34 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo. Kasha lako la mililita 300 litabeba miligramu 10. Tone moja la maji lina uzito wa kama miligramu 50. Maana yake hata ukilifunga siku ya joto kali la masika, mvuke wote ukigeuka maji hupati hata robo ya tone. Utaona ukungu ndani ya kasha, basi. Ukiona tone linatembea, hilo limetoka nje.

Limeingia wakati kasha liko baharini au wakati unalifungua? Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kifaa kikitoka majini, mshono wa kifuniko unabaki na maji, na ukifungua huku kifuniko kiko juu, maji hayo yanadondokea ndani. Suuza kwanza, futa mshono, kisha geuza kasha kifuniko kiwe chini ndipo ulegeze bolti. Tone likiwepo litaanguka mezani.

Kujua kama ni maji ya bahari, chukua tone uliloliona ndani, liweke kwenye kipande cha kioo safi, liache likauke. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 kwa kilo, kwa hiyo tone moja linaacha karibu miligramu 2 za chembe nyeupe, zinaonekana kwa macho bila shida. Tone la mvuke halitaacha kitu.

Sasa la maji mafupi. Oringi haizibi kwa kubanwa na kifuniko tu. Maji yanaisukuma kwenye ukuta wa mfereji, mpira unasambaa, na kadiri yanavyosukuma ndivyo inavyozidi kujibana. Mita 12 kuna shinikizo la bar 1.2 hivi la kuisaidia. Kwenye nusu mita ya maji kuna 0.05, ambayo ni kama hakuna. Hapo oringi inategemea mbano wa kifuniko peke yake, na kama imelala bapa kwa uzee, au ina unywele juu yake, hakuna cha kuiokoa. Kasoro ileile ikishuka mita 12 inaweza kuzibwa na shinikizo na usijue kama ilikuwepo.

Ongeza jua. Bamvua la huku kwetu maji hutoka sana kuanzia saa tatu au nne asubuhi, yaani kasha jeusi linakaa wazi jua likiwa linapanda. Likifika nyuzi 50 ndani na maji yakija na nyuzi 28, hewa ya ndani inabadilika shinikizo kwa asilimia 7. Kwenye joto inasukuma kutoka ndani, oringi inahamia ukuta wa pili wa mfereji, na kama ni dhaifu hewa kidogo inatoka. Bahari ikirudi, kasha linapoa ghafla na kuvuta. Uvutaji huo ni sawa na sentimita 70 za maji, zaidi ya uzito wa maji yaliyo juu yake wakati huo. Na kinachokuwa kimesimama kwenye mshono ni maji ya chumvi. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku kadhaa mfululizo kila mara. Ni pampu hiyo.

---

FundiShangani

Nakubaliana na MpimaKina. Ila kaka, kabla ya kulaumu jua, toa oringi upime unene kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya). Pima sehemu nne kuzunguka duara. Pima na kina cha mfereji na upana wake. Tuletee namba hapa.

Usiitoe kwa sindano, kisu wala ncha ya bisibisi. Mkwaruzo chini ya mfereji hauponi, na kwenye plastiki unaingia kirahisi. Bana oringi kwa vidole viwili pande zote mbili ukizisogeza pamoja, itainuka kitanzi, uivute hapo. Ikigoma tumia kona ya kadi ya plastiki.

Na hayo mafuta ya mgando acha. Oringi nyeusi za kawaida ni za mpira wa naitraili, hazidhuriki haraka na mafuta ya petroli, lakini mafuta yenyewe yanayeyuka kwenye joto hilohilo la kasha lako juani. Yanatiririka, mfereji unabaki mkavu, na yaliyotoka yanakusanya mchanga kwenye mshono. Tafuta grisi ya silikoni. Kwa oringi ya kipenyo cha sentimita 5, kiasi cha punje ya mchele kinatosha duara zima. Pitisha kati ya vidole mpaka ing'ae. Ukiona weupe wa grisi umebaki juu yake, umezidisha.

---

Chumvi_Kali

Hapo kwenye grisi mimi napingana kidogo. Sisi mfereji tunaujaza kabisa, grisi inazuia maji kufika kwenye oringi.

---

FundiShangani

Haizuii mkuu. Grisi ni ya kulainisha mpira ili ulale sawa usijisokote, na kuziba mikwaruzo midogo sana. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa. Mfereji ukijaa grisi, mpira unakosa pa kusambaa kifuniko kinapobana, na grisi inayobaki inanata kila chembe inayopita. Fungua kimoja ulichokijaza ukipanguse kwa kitambaa cheupe, uone mchanga wa matumbawe uliomo. Ule mchanga ni mweupe, kwenye grisi nyeupe huuoni mpaka uupangushe.

Na uangalie aina ya mpira. Kama oringi yenyewe ni ya silikoni, mara nyingi huwa nyekundu au rangi ya maji, usiipake grisi ya silikoni, itavimba. Ile ya EPDM, aina nyingine ya mpira, haitaki kitu chochote chenye asili ya petroli. Rangi peke yake si ushahidi, soma pakiti.

---

Lindi_Pwani

Niongezee la nje ya kasha, maana huku Lindi ndilo linalotusumbua kuliko oringi yenyewe.

Kifaa kikikaa miezi mitatu kwenye maji mafupi, mshono wa kifuniko unaota chaza wadogo na wale minyoo wa mirija migumu ya chokaa. Wanapenda ufa. Ukija kukwangua kwa kisu unapeleka vipande vya magamba moja kwa moja kwenye mshono, na ukifungua vinaangukia kwenye uso unaokaa oringi. Funga mshono kwa tepu ya PVC, ile ya mafundi umeme, mizunguko miwili ukiivuta kidogo, kabla ya kuzamisha. Ukirudi unabandua tepu na uchafu wote unaondoka nayo. Tepu hiyo si ya kuzuia maji, ni nguo tu. Mahali pasipofunikwa ni tundu la kihisi cha kina.

Lile tundu likiziba kwa chokaa, usichomeke waya. Kuna ngozi nyembamba nyuma yake, ukiigusa kipimo kimekufa. Loweka upande huo kwenye siki ya kawaida ya jikoni nusu saa hadi saa moja, chokaa itachemka mapovu na kulainika, kisha suuza kwa maji mengi yasiyo na nguvu.

Kusuuza kwenyewe, angalieni maji mnayotumia. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Ukisuuza kwa maji ya kisima cha namna hiyo umefanya nusu ya kazi. Maji ya bomba au ya mvua, ndoo nzima, kifaa kilale humo kikiwa bado kimefungwa usiku kucha, ili chumvi iliyoganda chini ya vichwa vya bolti iyeyuke. Kumwagia tu hakutoshi.

---

Mwani_Mikindani

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la tone, limeacha chembe nyeupe, kwa hiyo ni bahari.

Vipimo ni hivi. Mfereji una kina cha milimita 2.1 na upana wa 3.6. Kipenyo cha ukuta wa ndani wa mfereji ni kama milimita 51. Oringi mpya iliyokuja na kifaa ina unene wa 2.62. Zilizotoka Msimbati zinasoma 2.5, zilizotoka kwenye mwani zinasoma 2.3 na zimekuwa bapa upande mmoja. Za akiba zimeisha. Dukani kwa vipuri vya magari kuna maboksi ya oringi, nimeona za unene wa 2.0, 2.5 na 3.1 zenye kipenyo cha karibu hicho. Nichukue ipi? Muuzaji anasema ya 3.1 ndiyo itabana zaidi.

---

FundiShangani

Namba zako zinaeleza kila kitu.

Oringi ya 2.62 kwenye mfereji wa 2.1 inabanwa milimita 0.52, yaani asilimia 20. Kwa oringi inayolala usoni namna hiyo tunataka kati ya 20 na 30. Iliyolala bapa mpaka 2.3 imebakiwa na 0.2, chini ya asilimia 9. Kwenye maji ya nusu mita hiyo ni mpaka kati ya kuziba na kuvuja. Mpira unaobanwa huku ukichemka juani unasahau umbo lake haraka kuliko uliokaa kwenye maji ya baridi, ndiyo maana za Msimbati bado ni nzima kiasi. Kwa vifaa vya kwenye mwani weka mpya kila unapofungua, bila kujadiliana nayo. Bei ya oringi na bei ya bodi hazilingani hata kidogo.

Ya 2.0 usiiguse, haifiki hata kwenye kifuniko, ni nyembamba kuliko mfereji.

Ya 3.1 ndiyo ya hatari kwa sababu inadanganya mkono. Mpira haushindiliki kama sponji. Unabadilika umbo, ujazo wake unabaki uleule. Eneo la mkato wa oringi ya 3.1 ni milimita za mraba 7.55. Mfereji wako ni 2.1 mara 3.6, yaani 7.56. Umejaa kabisa, na ukiongeza joto mpira unatanuka na hauna pa kwenda. Utakaza bolti utahisi imebana vizuri, kumbe kifuniko kimeinuliwa na mpira, na plastiki inaanza kupasuka kwenye matundu ya bolti. Ya 2.62 inajaza asilimia 71, inaacha nafasi ya kusambaa.

Ya 2.5 inakupa mbano wa asilimia 16. Kwa mita 12 ingefanya kazi. Kwa mwani iwe ya dharura tu, wakati unaagiza za 2.62. Unene huo ni wa mfumo wa inchi, kwa hiyo uliza boksi la oringi za inchi kwenye maduka ya haidroliki. Humo unene unakwenda 1.78, 2.62, 3.53. Boksi la milimita halitakuwa nayo. Taja naitraili ya ugumu wa 70.

Kipenyo nacho kina kanuni yake. Maji yanasukuma kutoka nje kuja ndani, kwa hiyo oringi inatakiwa iwe imeshakumbatia ukuta wa ndani wa mfereji tangu unapofunga. Ukuta wako ni 51, chukua yenye kipenyo cha ndani cha 50 hadi 50.5, inyooke asilimia moja au mbili. Ukiweka kubwa ikaegemea ukuta wa nje, shinikizo likija litaivuta ndani kwanza kabla haijaziba, na hapo kwenye kuhama ndipo maji yanapopenya.

---

MpimaKina

Swadakta. Mimi niseme la kufunga na kupima.

Funga ndani ya chumba chenye kiyoyozi ukiweza. Hewa ya nyuzi 22 iliyokaushwa na mashine haitatoa ukungu majini. Weka kifuko cha silika jeli (punje za kunyonya unyevu), gramu 5 zinatosha na kubaki kwa mililita 300. Kama unatumia ile ya punje za rangi ya chungwa, zikigeuka kijani zimeshiba. Zimwage kwenye sinia, zikae kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, zitarudi.

Mfereji uufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Tishu hapana, pamba za masikio hapana, zote zinaacha nyuzi. Unyuzi mmoja ukivuka juu ya oringi ni mrija tayari. Mulika tochi kwa pembeni, taa ikiwa karibu kulala na uso wa kifuniko, utaona unywele ambao kwa mwanga wa juu hauonekani. Spiriti ni sawa kwa plastiki nyingi, lakini kama kifaa kina dirisha la akriliki (plastiki angavu) usiifikishe hapo, inaleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Dawa ya mbu na losheni ya jua nazo ziishie mbali, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika oringi.

Bolti kaza kwa mkato: ya kwanza, kisha inayoikabili, kidogokidogo. Kifuniko kikigusana na kasha, hapo mbano wa oringi umefika mwisho wake na nguvu zaidi haiongezi chochote, inavunja plastiki. Chukua ukanda wa karatasi ya kawaida ya kuandikia ujaribu kuuingiza kwenye mshono kuzunguka pote. Ukiingia mahali, kifuniko kiko upande au kuna kitu chini yake.

Kisha jaribio la ndoo, kasha likiwa tupu, bila bodi wala betri. Lifunge kwenye chumba cha nyuzi 22, ulizamishe kwenye maji ya moto wa nyuzi 45. Hewa ya ndani itapanda karibu asilimia 8. Viputo vya mwanzo vilivyonata nje vifute kwa mkono. Baada ya hapo kaa ukiangalia mshono dakika kumi. Mfululizo wa viputo kutoka sehemu moja, fungua uangalie hapohapo. Jaribio hili halisemi lolote kuhusu mita 12, ila linakamata uvujaji uleule unaokusumbua kwenye mwani, kwa sababu shinikizo linakaribiana. Kwa zile za Msimbati shusha kasha tupu kwa kamba na jiwe mpaka kina chake, ndani kuwe na karatasi iliyochorwa kwa wino unaoyeyuka, nusu saa, upandishe.

---

Lindi_Pwani

Na hilo kasha jeusi livishe tepu nyeupe mwili mzima, ukiacha vihisi. Kasha jeusi kwenye maji ya goti linasoma joto la jua lililolipiga na si la maji, kwa hiyo hata data yako ya mchana itanyooka. Kama unaweza, lishushe mpaka chini ya mstari wa maji ya bamvua, kwenye kigingi kilicho upande wa bahari, lisiwe linabaki wazi.

---

Mwani_Mikindani

Nimewaelewa vizuri. Swali la mwisho: yale yaliyokwisha kuingia maji bado hatujayafungua yote, kuna mawili yameloa kabisa ukiyatikisa unasikia. Niyafungue kawaida?

---

MpimaKina

Hapana, usiyafungue kawaida! Betri ya lithiamu ikilowa chumvi inaweza kutoa gesi, na kasha lililoziba linakuwa na shinikizo ndani. Yapeleke nje penye upepo, miwani ya kazi machoni, kifuniko kisielekee uso wako wala wa mwenzako. Legeza kila bolti robo mzunguko tu, kwa mkato, usitoe hata moja, mpaka usikie imepumua. Ikiwa kasha lina joto mkononi wakati limekaa kivulini, liache palepale nje, mbali na vitu vya kuungua, mpaka lipoe lenyewe.

Ukishafungua, betri itoke kwanza. Bodi isuuze kwa maji yaliyotoneshwa, mswaki laini kwenye kutu ya kijani, kisha spiriti ya asilimia 90 au zaidi ifukuze maji, ikauke siku mbili kwenye kivuli kabla ya kuipa umeme. Data mara nyingi inakuwa bado ipo kwenye kumbukumbu hata kama kifaa hakiwaki, kwa hiyo usitupe bodi.